Mionzi Haichezeki

Stima ilipotea saa nne na robo usiku, bibi harusi akiwa katikati ya ukumbi na mimi nimeinua mkono tayari kuachia besi. Ilikuwa Tudor, hapa Mombasa. Kukawa kimya, kimya ambacho fundi wa sauti hukisikia kwa nadra: feni za darini zikimalizia mizunguko yao, mtoto akilia safu za nyuma, gauni likiburura sakafuni. Halafu akina mama wakacheka. Walikuwa wamekuja na pembe zao za vugo, ngoma ya wanawake ya kumpokelea bwana harusi, na kabla kijana wangu hajaufikia mtungi wa petroli, vugo lilikuwa limeshika moto. Jenereta ilipowaka nikapandisha sauti polepole, kwa adabu. Mama mmoja mwenye leso ya manjano akanigeukia.

"Zima hiyo, mwanangu. Tukishamaliza tutakwita."

Nikazima. Nikaketi juu ya spika yangu ya inchi 18 kama kuli aliyekosa meli. Wale mama wanaimba kwa pumzi, mimi naimba kwa uniti za stima. Tokeni ikiisha, kipaji changu nacho kimeisha. Nimeanzia hapo ili msomaji ajue nimesimama wapi kabla sijaingia kwenye habari za nyuklia, maana mtu anayekula kwa stima hawezi kujifanya hajali stima inatoka wapi.

Kwangu mimi muziki wa mashine na umeme wa nyuklia viliingia kwa mlango mmoja. Ami yangu, Mungu amrehemu, alikuwa baharia. Kila aliporudi alileta sabuni za kunukia, chokoleti zilizokwisha kuyeyuka na kuganda tena, na kaseti. Safari moja alitoka Hamburg na kaseti ya Kraftwerk, bendi ya Kijerumani ya muziki wa mashine, jalada lake lina picha ya redio kuukuu ya Kijerumani. Nilikuwa na miaka tisa. Nikaamini kwamba hawa ni watu wanaoisifu redio, na mtu wa Mji wa Kale atawalaumu vipi? Nyumbani kwetu redio ilikuwa na kitambaa chake cha kufumwa na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa.

Kumbe sikukosea sana. Albamu yenyewe, *Radio-Aktivität* ya mwaka 1975, jina lake ni fumbo la pande mbili: upande mmoja shughuli za redio, upande wa pili mionzi. Nyimbo kadhaa mle ndani ni za antena, mawimbi na taarifa za habari. Sisi tuliolelewa na taarab, ambako "nazi" inaweza kuwa nazi na inaweza kuwa mume wa mtu, mchezo kama huo hatuhitaji kufasiriwa.

Lakini kabla ya maneno yoyote kuna mlio. Tik. Kimya. Tik. Kisha tik-tik. Ni mlio wa kipimo cha Geiger, kile kidude cha kunusa mionzi: ndani yake mna mrija wenye gesi, mionzi ikipenya humo cheche ndogo ya umeme hupita, na spika hulia. Ralf Hütter na Florian Schneider, waasisi wa bendi hiyo, kule Düsseldorf, waliuanza mlio huo taratibu, wakauharakisha, wakauharakisha tena, mpaka zile tik zikashikana zikawa pigo, na pigo likageuka kuwa wimbo. Ni kazi ya kifundi ya kupendeza mno. Nimeiiba kwenye harusi zaidi ya mara moja: unaanza na mlio mmoja, watu wanaduwaa, unaukaza, na ukija kuachia ngoma hakuna aliyebaki kitini.

Maneno yenyewe ya mwaka ule hayana upande. Yanasema mionzi imo hewani, yanamtaja Marie Curie, mwanasayansi aliyeichunguza, basi. Ukiusikiliza wimbo ule wa 1975 peke yake huwezi kujua wanasifu au wanaogopa. Na mwaka huohuo, Februari, wakulima wa zabibu wa kijiji cha Wyhl, kusini magharibi mwa Ujerumani, walikivamia kiwanja kilichotengwa kwa kinu cha nyuklia, wakakaa humo miezi. Kinu hakikujengwa mpaka leo. Wakulima wale hawakuwa na sinthesaiza, vile vinanda vya umeme. Walikuwa na matrekta na wake zao, na inasemekana wake ndio waliokuwa wakali zaidi.

Ngoja niseme na habari ya Ufaransa, maana ndiyo inayonifurahisha kuliko zote. Wimbo huo ulipendwa huko kupita kiasi, ukawa hata kiashirio cha kipindi cha redio, kila mtoto anauimba. Na Ufaransa hiyohiyo ndiyo iliyokuwa imeamua mwaka 1974, baada ya bei ya mafuta kupaa, kujenga vinu vya nyuklia kwa mkupuo mmoja. Leo karibu thuluthi mbili ya umeme wao unatoka humo. Waliucheza wimbo huku wakimwaga zege.

Baadaye mambo yakaharibika. Machi 1979 kinu kimoja karibu na Harrisburg, Marekani, kikayeyuka sehemu ya kiini chake. Aprili 1986 ikaja ajali ya kinu cha Chernobyl, na upepo ukapeleka vumbi lake mpaka kwenye malisho ya ng'ombe wa Bavaria. Mwaka 1991 Kraftwerk wakaurekodi wimbo upya. Muziki ni uleule, sauti ni ileile ya baridi, ila sasa unaanza kwa kutaja majina ya mahali: Chernobyl, Harrisburg, Sellafield, Hiroshima. Na mbele ya neno la mionzi wakaweka neno moja tu la kusimamisha. Stop.

Neno moja. Nimewahi kuona wimbo wa harusi ukageuzwa wimbo wa kampeni kwa kubadilisha jina moja, kwa hiyo nguvu ya jambo hilo naijua. Mwaka uliofuata, Juni 1992, walipanda jukwaani Manchester pamoja na U2 na Public Enemy katika tamasha la kupinga upanuzi wa Sellafield, kiwanda cha Uingereza kilichokuwa kikisafisha masalio ya nyuklia. Mashine iliyotengenezwa kuonekana haina upande ikawa imechagua upande.

Ya Japani ndiyo iliyonikalisha chini. Julai 2012, mwaka mmoja na miezi baada ya ajali ya kinu cha Fukushima, mwanamuziki wa huko Ryuichi Sakamoto aliandaa tamasha la siku mbili la kukataa nyuklia. Kraftwerk wakaja, wakauimba wimbo kwa Kijapani na kuliongeza jina la Fukushima kwenye ile orodha. Bendi ya Sakamoto mwenyewe, Yellow Magic Orchestra, nayo ikapiga. Siku chache baadaye, kwenye mkutano mkubwa wa hadhara, Sakamoto akasema jambo ambalo mpaka alipofariki mwaka 2023 watu hawakuacha kumrudishia: kwamba huu ni umeme tu, kwa nini maisha ya watu yawekwe rehani kwa ajili ya umeme tu?

Walimcheka. Wewe, wakasema, uliyetajirika kwa sinthesaiza, leo umeme umekuwa "tu"?

Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilikuwa upande wa waliocheka. Nimekaa juu ya spika gizani nikingoja petroli, nani aniambie umeme ni "tu"? Aliyezaliwa na swichi ukutani ndiye anayeweza kulisema. Mtoto wa Likoni anayesomea kwenye taa ya simu halisemi. Lakini nikamkumbuka yule mama mwenye leso ya manjano. Yeye angemwelewa Sakamoto bila mkalimani.

Kwa hiyo, je, muziki uliwabadilisha Wajerumani? Vinu vyao vitatu vya mwisho vilizimwa tarehe 15 Aprili 2023, na wapo wanaopenda kuisimulia hadithi hiyo kana kwamba ilianzia studio ya Düsseldorf. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuwatazama watu wakisikiliza, siamini. Ingekuwa wimbo unageuza vichwa, Wafaransa wangekuwa wa kwanza. Nionavyo mimi wimbo hauleti watu ukumbini. Watu huja na mambo yao, na wimbo huwapa pigo la kwenda nalo pamoja. Wyhl walikwishafika kabla ya ngoma.

Sasa tuje kwetu.

Kenya imekuwa ikiiwaza nyuklia tangu 2010, na ipo taasisi ya serikali ya kazi hiyo. Mpango uliotangazwa ulikuwa mtambo wa megawati 1,000, ujenzi uanze 2027 na umeme utoke 2034. Tupime: mahitaji ya nchi nzima, saa ile ya jioni ambapo kila mtu anapika na kutazama taarifa, mwanzoni mwa 2025 yalikuwa kama megawati 2,300. Mtambo mmoja ungebeba sehemu kubwa ajabu. Na mahali palipopendekezwa ni Uyombo, Kaunti ya Kilifi, kijiji cha wavuvi kinachopakana na Mida Creek, chenye mikoko huku na hifadhi ya bahari ya Watamu kule, na msitu wa Arabuko-Sokoke nyuma yake. Mei 2024 wakazi waliandamana, wakakabiliana na polisi. Baadaye macho ya serikali yakageukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria.

Mama yangu ni mtu wa huko Kilifi. Mjomba wangu ni mvuvi, na katika miaka ile ya mikutano ya kinu alikuwa akinipigia simu usiku, mie nikiwa Mtwapa kazini, spika zinanguruma.

"Punguza hilo likelele, nataka kukuuliza. Wewe ndiye msomi wa waya. Hii nyukilia ni hatari ama si hatari?"

Nikamjibu nilivyosoma: ikitunzwa vizuri haina moshi, na makaa ya mawe yanaua watu wengi zaidi kwa hewa chafu. Tulikwisha kupigana na mradi wa makaa Lamu, leseni yake ikafutwa na mahakama ya mazingira mwaka 2019. Nikamwambia umeme wetu mwingi leo unatoka kwenye mvuke wa ardhini huko Olkaria, kwenye maji na upepo, lakini nchi inakua. Nikaona nimejibu vizuri.

"Sikukuuliza hayo," akasema. "Nimekuuliza, ikivuja, nani atatuambia?"

Hapo ndipo wimbo wangu uliponiangusha. Kwa sababu katika kichwa changu, tangu nina miaka tisa, mionzi ina mlio. Ikija utaisikia. Itaanza taratibu, itaharakisha, utakuwa na muda wa kutoka. Kraftwerk walinifundisha kuogopa kitu ambacho kina adabu ya kubisha hodi.

Na sisi wa Mombasa tunajua sumu isiyobisha. Owino Uhuru ni mtaa wa mabanda upande wa Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa hapo 2007, kikafungwa 2014, na katikati ya miaka hiyo madini ya risasi yaliingia kwenye udongo, maji, na damu ya watoto. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa humo kabla hajagundua kwamba mwanawe mchanga ana risasi mwilini. Akapigana, akapata Tuzo ya Goldman 2015, na mwaka 2020 mahakama ya hapa Mombasa ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Shirika lake ndilo lililosimama pia na watu wa Uyombo. Sasa soma tena jina la madini hayo. Lugha yetu imeipa sumu ile jina moja na kitu kinachotoka kwenye bunduki, lakini ya bunduki angalau ina mlio.

Niseme na hili, ingawa halinipendezi. Miaka ile nilikuwa na gari la matangazo lenye spika nne juu, linakwenda kwa betri. Betri ya gari la matangazo haidumu, inakufa kila baada ya miezi kadhaa, na ikifa unamuuzia muuza vyuma chakavu kwa kilo. Niliuza nyingi. Sikuwahi kuuliza zinakwenda wapi. Bei ilikuwa nzuri.

Kwa hiyo watu wa serikali walipokuja Kilifi na picha za ukutani za vinu safi vyeupe vya nchi za mbali, mimi sikushangaa wazee kukunja nyuso. Hawakuwa na lolote dhidi ya atomu. Walikuwa na kumbukumbu ya nani alikuja mara ya mwisho na nini kilibaki alipoondoka. Na ajabu ni kwamba hakukuwa na wimbo. Kila mwisho wa mwaka vijana kutoka Nairobi na Ulaya huteremka mpaka kwenye mibuyu ya Takaungu kucheza muziki wa elektroniki mpaka jua litoke. Nimefanya kazi huko, nimevuta nyaya mchangani, na usiku ule niliokuwepo sikusikia mtu akiitaja Uyombo, ingawa haifiki safari ya saa mbili kwa gari. Kwenye vijiji vyenyewe muziki wa mashine ni ule wa disko matanga, ambao machifu huupiga marufuku kila msimu na kila msimu unarudi. Humo unachezwa msiba wa mtu mmoja mmoja. Wa eneo zima hakuna aliyeutungia.

Nilidhani nitautunga mimi. Ni kiburi cha fundi, naomba radhi.

Ilitokea hivi. Mwalimu mmoja wa fizikia aliniletea dukani, Mwembe Tayari, kipimo cha Geiger ambacho spika yake ilikuwa imekufa. Kazi ya dakika kumi, spika ndogo kama ya redio ya mfukoni. Nilipoiwasha, tukiwa tumekaa hapo kati ya mhogo wa kukaanga na kelele za makanga, ikalia. Tik. Nikaruka. Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani.

"Hiyo ni ya kawaida, bwana fundi. Inatoka ardhini, inatoka mbinguni, imo hata mwilini mwako."

Malipo sikutaka. Nikamwambia anichukue Mrima.

Mrima ni mlima wa Kwale, una msitu wa kaya, msitu mtakatifu wa Wadigo, juu yake, na ndani yake mna niobiamu, madini adimu na thoriamu. Kampuni za madini zimeumezea mate miaka mingi, na leseni moja ilifutwa mwaka 2013. Kwa sababu ya thoriamu hiyo, udongo wa pale una mionzi ya asili kupita sehemu nyingi za nchi. Haikuletwa na serikali wala Mzungu, ipo tangu mlima uwepo. Watu wanalima pembeni yake. Tulisimama kando ya barabara ya udongo mwekundu, mwalimu akakishusha kipimo karibu na ardhi.

Zikaja. Nyingi kuliko za dukani, zikimwagika. Na mimi, kwa mazoea ya miaka, nikasikia mguu wangu ukitafuta pa kukanyaga. Tik-tik, kimya, tik, tik-tik-tik, kimya kirefu mpaka nikadhani betri imekwisha, tik. Mguu ukakosa. Nikajaribu kuhesabu kwa nne, kwa tatu, kwa sita kama chakacha. Wapi.

"Usihangaike," mwalimu akasema. "Kila atomu inavunjika kwa wakati wake. Wastani tunaujua vizuri kabisa. Inayofuata, hakuna ajuaye."

Nilirekodi kwa simu. Usiku nikaiingiza kwenye kompyuta, nikaiambia programu initafutie mwendo wake. Ikasema mapigo 87 kwa dakika. Nikajaribu tena, ikasema 143. Mara ya tatu 61. Nikaanza kuzikata zile tik na kuzisogeza zikae kwenye mistari, kama wanavyofanya wote, kama walivyofanya wale wa Düsseldorf. Zikapendeza, zikawa ngoma. Na zilipokaa sawa nikajua nimezidanganya, nikazirudisha zilivyokuwa. Rafiki yangu dijei aliposikia faili lile alisema limeharibika.

Mimi si adui wa nyuklia. Nimeona moshi wa mitambo ya dizeli ya Kipevu, na nimeona gharama ya kukosa stima. Ningeambiwa leo kwamba kinu kitajengwa, ningetaka kujua kwanza kipimo kitakuwa mkononi mwa nani, na namba zake zitabandikwa wapi, na kama mvuvi asiyesoma Kiingereza ataruhusiwa kukishika mwenyewe. Hayo ndiyo ya mjomba wangu, mimi nimeyaazima tu.

Nilikwenda kumtembelea mwezi uliopita. Tulikaa nje, anashona wavu, bahari imekupwa. Nikampa simu aisikilize ile ya Mrima bila kumwambia ni nini. Akaiweka sikioni, akainamisha kichwa.

"Mvua," akasema. "Inaanza kupiga mabati."

Nikamwambia ni mawe ya Kwale. Hakusema kitu. Akairudia, akairudia tena, wavu umemlalia mapajani. Kisha akanirudishia simu na kuniuliza uniti siku hizi zimefika bei gani, maana mama yake amelalamika tena tokeni za mia mbili hazimalizi wiki.